Taa Pembeni mwa Jicho

Katika ukumbi wetu wa kufuma, mwenye sauti nzuri na bubu ni sawa. Mitambo mia moja na ishirini ikilia kwa pamoja, hata ukimpigia mwenzako kelele sikioni ataona meno tu. Ndiyo maana wafumaji tunasema bila sauti. Unamtazama mtu usoni, unafungua midomo kuliko kawaida, neno unalitafuna polepole, naye anakusoma. Tunauita mdomo mkavu. Nilifundishwa na mama mkubwa nilipoingia kiwandani nikiwa na miaka kumi na tisa, na sasa nina hamsini na nne. Kwa mdomo mkavu nimeposwa, nimegombana, nimetoa rambirambi, na mara mbili nimeitisha mgomo huku msimamizi akipita katikati yetu na ubao wake mkononi, akidhani tunatafuna karanga.

Wananiita Chachu. Jina hilo nilipewa na meneja wa tatu, aliyesema nikitiwa kwenye unga wowote lazima uumuke. Alikusudia tusi. Wenzangu wakalipenda, nami sikukataa.

Nakumbuka kila walichotuletea wakisema ni kwa faida yetu. Kadi ya kutoboa mlangoni. Daftari la kwenda chooni. Kamera, wakasema ni ya wezi wa vitambaa, na mtu wa kwanza kunaswa alikuwa mama mmoja aliyekaa chini dakika nne kwa kuumwa mgongo. Halafu kidole kwenye kioo. Wao wanabadilika kila miaka mitano na kusahau. Mimi nimebaki palepale, mstari wa kumi, nikihesabu.

Basi walipoleta miwani nilikuwa macho. Kwanza walileta beji za kifuani zenye masikio, ili tuziombe msaada kwa sauti. Beji zilisikia mitambo ikinguruma, zikasikia mitambo ikinguruma, na baada ya wiki tatu zikakusanywa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Miwani ikaja mwezi uliofuata, jozi mbili tu, za mafundi wawili wa mitambo. Fundi wa kwanza ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Waliahidi kwamba akiitazama mashine ataona mchoro wake ukielea mbele yake, na kama amekwama, mtaalamu aliye mbali ataona anachokiona yeye amsaidie.

Shemeji hakujali mchoro. Miwani yake ya kusomea ilikuwa imevunjika miaka miwili nyuma, na tangu hapo alikuwa akifunga skrubu kwa kupapasa. Watu wa miwani walimpima macho, wakamtilia vioo vinavyomfaa, bure. Alipoivaa mara ya kwanza alisimama mlangoni akisoma kibandiko cha kizimamoto mpaka mwisho, kama mtu aliyepokea barua kutoka kwa ndugu. Baada ya hapo hakuivua. Alikwenda nayo nyumbani, alikula nayo, alinyoa ndevu akiwa nayo.

Karatasi ya masharti ilikuwa na kurasa thelathini na moja. Alitia sahihi akiwa amesimama. Mafunzo yalichukua dakika kumi, na alichoshika ni kwamba ile taa ndogo ya kijani pembeni mwa jicho la kulia itamjulisha hali ya kifaa.

Hapo ndipo ilipo aibu yangu, kwa hiyo nitaieleza vizuri.

Juu ya kila mtambo wetu kuna taa. Uzi ukikatika, mtambo unasimama wenyewe na taa inawaka, ili fundi aione kutoka mbali aje. Taa ikiwaka, mtambo umekufa. Taa ikizimika, kazi inakwenda. Jambo hilo hatufundishwi, linaingia mwilini. Hata nyumbani nikiona taa ya jirani imewaka mchana, moyo unaniambia kuna kitu kimesimama.

Niliichunguza miwani ile wiki nzima. Nilikaa na shemeji kila mapumziko, nikaigeuza, nikaiweka juani, nikamhoji kama polisi. Taa ilikuwa ikiwaka karibu siku nzima na kuzimika dakika chache tu. Yeye mwenyewe alisema, na mimi nikakubali kwa kichwa, kwamba ikiwaka imelala. Tukacheka kwamba hata kifaa chao kinajua kutega kazi. Siku ya nane nilipita mstari kwa mstari nikatangaza kwa mdomo mkavu: taa ya miwani ikiwaka, semeni mtakalo, ikizimika, fungeni midomo. Watu sitini na mmoja wakashika amri yangu. Mimi, niliyejisomesha kwa magazeti ya kufungia sabuni, niliyewahi kuchambua mkataba wa kazi mbele ya wakili wao mpaka akaomba maji.

*

Sasa mdogo wangu. Yeye ni mstari wa tisa, mitambo minne. Ni mpole kiasi cha kuudhi. Mama yetu alikuwa akisema tumegawana ulimi, mimi nikachukua wote. Miaka miwili iliyopita presha ya macho ilianza kumla jicho la kushoto, na likaisha. La kulia ni zima, kwa dawa ya matone. Sheria ya kiwanda inasema mfumaji awe na macho mawili, na asiyeyapita majaribio ya kila mwaka anaondolewa kwenye mitambo siku hiyohiyo. Hadi sasa amebakiza miaka minne afike mwisho wa utumishi wake.

Mimi ni mjumbe wa afya wa wafanyakazi. Nina haki ya kukaa ndani wakati nesi anapima mtu. Haki hiyo tuliipata kwa mgomo wa siku kumi na saba, na wakati wa mgomo huo mwenzetu mmoja alijifungua kwenye foleni ya uji. Nesi ana mabango matatu ya herufi. Niliyanakili yote, nikampelekea mdogo wangu ayakariri. Aliniuliza, dada, hii itatufikisha wapi? Nikamjibu itatufikisha kwenye kustaafu. Siku ya kupimwa nesi alimfunika jicho zima, akamwambia asome, nami nyuma ya nesi nikakohoa mara mbili. Bango la pili. Akasoma kama maji. Mwaka uliofuata nikakohoa mara moja.

Kitambaa chake ni kizuri kuliko changu, hilo mtu asinibishie. Kasoro anaisikia kwa kiganja kabla mimi sijaiona kwa macho mawili. Lakini upande wa kushoto hana kitu, ni ukuta. Mwezi wa tatu mwaka huu mshipi wa mtambo ulimshika mkono wa blauzi ukaichana hadi begani. Shemeji alikuja kutengeneza. Akaona blauzi, akaona jinsi mkewe anavyogeuza kichwa kizima kumtafuta, akamwuliza kwa midomo kama haoni.

Nilikuwa ng'ambo, hatua sita. Nilimwona mdogo wangu anamjibu, uso kwa uso, kama tunavyosema sote. Aliongea kwa dakika mbili nzima, mwanamke aliyekuwa amemficha mumewe miaka miwili. Niliitazama taa ya miwani. Ilikuwa inawaka. Nikashusha pumzi, nikarudi kwenye nyuzi zangu.

*

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, msimamizi alinigusa bega. Meneja ananiita, na fundi pia. Njiani shemeji aliuliza tumefanya nini safari hii. Nikamwambia safari hii sijafanya kitu, na ndiyo maana nina wasiwasi.

Tulipewa viti. Katika miaka thelathini na mitano, kiti cha ofisi ile nilikuwa nimekikalia mara mbili: siku ya kufukuzwa na siku ya kurudishwa. Pembeni ya meneja alikaa mwanamke wa kampuni ya miwani, nadhifu, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Kila jibu lake lilianza na usijali, kwa hiyo nitamwita Bibi Usijali. Alieleza kwamba ukumbi wetu umewashinda kwa kelele, ila wataalamu wao wamegundua kwamba tunasema kwa midomo, na wamefurahi sana. Wanataka kukifundisha kifaa lugha yetu. Wanahitaji watu wawili wenyeji wakae wasome picha chache, waseme kila mdomo umesema nini. Kazi nyepesi, na chai ipo.

Akageuza kioo cha kompyuta, na uso wa mdogo wangu ukakijaza.

Sijawahi kumwona kwa ukaribu ule tangu nilipokuwa nikimwosha uso akiwa mdogo. Midomo ikaanza. Jicho la kushoto limekwisha, mume wangu. Tangu mwaka juzi. Usinikasirikie. Kwa nesi napita kwa sababu dada ananikoholea. Maneno yote yako pale, safi, kila moja limetafunwa vizuri kama tulivyofundishwa.

Nilisikia goti la shemeji likigonga meza.

"Hii ilichukuliwa saa ngapi?" niliuliza, kwa kuwa ulimi ulitaka kufanya kitu. "Siku ile taa ilikuwa inawaka."

"Usijali, mama. Taa ikiwaka ndipo inachukua picha. Tumeiweka kwa ajili yenu, ili mtu asichukuliwe bila kujua."

Nilimtazama usoni nione kama ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. Nikaanza kuhesabu kichwani: wiki kumi na moja, watu sitini na mmoja, na kila aliyefungua mdomo aliufungua kwa ruhusa yangu.

Meneja akasema tuanze. Nikasema haya ni maneno ya mke na mume, mimi siyasomi. Akamgeukia shemeji: wewe ndiye mume, basi soma. Shemeji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema mama watoto analalamika kuhusu nyuzi mbovu. Meneja akauliza, dakika mbili? Shemeji akasema ni mbovu sana.

Meneja hakucheka. Bibi Usijali ndiye aliyetuokoa, au alidhani anatuokoa. Alisema hakuna haja ya kulazimishana. Fundi huyu huvaa miwani hata nyumbani, hongera kwake, na nyumbani hakuna kelele. Kwa hiyo mama huyuhuyu anaonekana akiongea kwa sauti, jioni baada ya jioni. Kifaa kitaulinganisha mdomo na sauti, kitajifunza chenyewe. Labda wiki tatu.

Niliuliza hizo za nyumbani ziko wapi. Mahali salama. Nani anazisikiliza? Hakuna mtu, usijali, isipokuwa inapohitajika. Inahitajika na nani? Hapo alinitazama kama swali limetoka kwenye ukurasa ambao hakupewa. Nikauliza zifutwe vipi. Akasema mwenye uso aje aombe mwenyewe, aitazame miwani kwa sekunde kumi, ili wahakikishe wanamfuta yeye na si mwingine.

*

Jioni hiyo tulikaa watatu kwenye meza ya mdogo wangu. Shemeji alikuwa ameifunga miwani ndani ya taulo, taulo ndani ya sufuria, sufuria chini ya kitanda, na juu yake blanketi mbili. Bado tulinong'ona. Bila miwani alikuwa akitafuta kikombe chake kwa vidole. Alikuwa akimhesabia mkewe mambo yaliyosemwa chumbani mwao kwa wiki kumi na moja: matone kila usiku, tone moja, tone la pili, unaona kidole changu? Sasa je? Na mengine ya ndani, ambayo aliyafikia akayaruka, akikumbuka kwamba mimi nipo.

Mimi sikuweza kukaa. Nilitoka dirishani nikaenda mlangoni, nikarudi. Nilikuwa na mipango saba. Mdogo wangu aseme nyumbani huku amefunga mdomo kwa kitambaa. Aseme maneno ya kupotosha, ili kifaa kijifunze uongo. Tugome. Miwani idondoke ndani ya mtambo kwa bahati mbaya. Nilikuwa kwenye mpango wa tano mdogo wangu alipoweka kijiko chini.

"Naona mmeanza kuogopa sufuria," alisema.

Shemeji alicheka, kisha akafuta macho.

"Dada, kaa chini. Umenizunguka kushoto na sikuoni, unanipa kizunguzungu."

Nikakaa. Akasema kesho atakwenda kwa nesi mwenyewe. Nikamwambia amechanganyikiwa, wiki tatu ni nyingi, nimewahi kuipindua kampuni nzima kwa wiki mbili. Nikamkumbusha miaka minne iliyobaki. Nikamkumbusha mgomo. Alinisikiliza kama anavyonisikiliza tangu utoto, mpaka pumzi ikaniisha.

"Mshipi ulipotaka kunivuta mkono, ulifanya nini?"

Nikasema nilitazama taa.

"Ulitazama taa," alisema. "Mimi nilikuwa natetemeka, na wewe ulikuwa unawatazama wao. Nimechoka kutazamwa na wao na kufichwa na wewe. Hakuna aliyeniuliza. Kesho usiingie ndani."

Nikainuka nikaenda kuosha sufuria ambazo hazikuwa chafu.

*

Asubuhi aliingia kwa nesi saa mbili na robo. Shemeji alikuwa ameshapita kwa meneja akaiweka miwani mezani, akarudi kazini akiinama kwenye mitambo hadi pua inagusa chuma. Mimi nilibaki koridoni, mjumbe wa afya wa wafanyakazi, nje ya mlango ambao tuliufungua kwa siku kumi na saba za njaa.

Mlango ule ni mzito. Nilitega sikio sikusikia kitu. Nilitembea hatua tisa kwenda, tisa kurudi. Nilisoma tangazo la kunawa mikono. Koo likaniwasha, nikakohoa, nikajikamata mdomo kwa mikono miwili kama mwizi. Nilikuwa na hakika nesi amesikia. Nilikuwa na hakika ukuta umesikia.

Alitoka baada ya nusu saa. Alikuwa na karatasi.

"Wamenitoa kwenye mitambo kuanzia leo. Nesi ameandika nipewe chumba cha kukunja vitambaa. Meneja ana siku saba za kukubali au kunipeleka nyumbani."

"Tutampa siku mbili," nikasema.

"Siku ni zangu, dada. Nikikuhitaji nitakuita." Akaikunja karatasi. "Aliniuliza mwaka jana nilisomaje herufi. Nikamwambia nilikariri. Sikukutaja. La kukohoa ni lako, ulibebe mwenyewe."

Akageuza kichwa chote kushoto, akahakikisha hakuna mtu anayekuja, akaondoka katikati ya korido bila kugusa ukuta.

Nilirudi ukumbini. Mitambo yake minne ilikuwa imeshapewa mtu, mama mmoja wa mstari wa saba, ambaye alinitazama kama anayeomba radhi. Kutoka kila upande midomo iliniuliza kulikoni. Niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka thelathini na mitano: kila aliyeniuliza alitangulia kumtafuta fundi wa pili kwa macho, kuona taa yake, kisha ndipo akafungua mdomo. Taa ilikuwa inawaka, kwa hiyo walisema wazi, wakiwa na imani kabisa, kwa amri yangu. Mmoja alinisimulia palepale habari ya kijana wake aliyetoka jela. Nikamziba mdomo kwa kiganja. Alishtuka kama nimempiga.

Nikavuta kreti ya nyuzi katikati ya njia, nikapanda. Magoti yangu hayapendi tena mambo hayo. Mstari mmoja mmoja wakageuka. Nilifungua midomo polepole, kama mama mkubwa alivyonifundisha, nikasema taa ikiwaka inachukua. Nikarudia. Nikasema ilikuwa inachukua siku zote, tangu siku ya kwanza, na mimi Chachu ndiye niliyewaambia kinyume; hakuna aliyenidanganya, nilijidanganya mwenyewe nikawauzia ninyi. Nyuso ziliganda. Bibi mmoja wa mstari wa nne, aliyesimama nami katika migomo yote miwili, alianza kuhesabu kitu kwa vidole, akaacha, akakaa chini sakafuni. Mwingine alinitukana. Nilimsoma vizuri, na lilikuwa tusi la haki.

Fundi wa pili alikuwa amesimama kwenye mstari wa nane akinitazama moja kwa moja, na pembeni mwa jicho lake kijani kilikuwa kinawaka. Yule mama wa mstari wa saba alinionyesha kwa macho: shuka, anakuchukua. Nikamwitikia kwa kichwa kwamba nimemwona. Sikushuka. Nilikuwa nimemaliza kosa la kwanza tu, na la kumkoholea mdogo wangu kwa nesi lilikuwa bado.